Kipimo cha Jirani

Siku moja mwalimu wa kijijini, mtu wa makamo, alitujia akiwa ameshika mkononi daftari ya usharika wake. Hakukubali kuketi. Alisema kwamba amekuja kuirudisha daftari ile, kwa kuwa sasa ameona wazi ya kuwa Mungu hakumwita katika kazi hii, bali alijiita mwenyewe. Tulipomwuliza amelijuaje neno hilo, alifunua ukurasa akatuonyesha: mwaka ule wote watu waliobatizwa kwake walikuwa 3 tu, na mmoja wao ni mtoto wake mwenyewe. Kisha akatutajia mwenziwe wa ng'ambo ya mto, ambaye katika mwaka ule ule aliwapeleka watu 40 mbele ya mchungaji. Tena anao waimbaji wazuri, tena nyumba yake ya sala imeezekwa kwa bati. "Yule ndiye aliyeitwa, baba," alisema. "Mimi nimekuja tu."

Daftari hatukuipokea. Tulimpa maji ya kunywa na maneno mawili matatu ya kutuliza moyo, kama watu wafanyavyo wasipokuwa na jibu, naye akaenda zake. Lakini swali lake halikwenda naye. Lilibaki nasi, nasi twataka kulifikiri hapa pamoja nanyi, hasa ninyi walimu na wazee wa kanisa, maana hatudhani kwamba ni yeye peke yake aulizaye hivi usiku akiwa macho. Mtu ajuaje ya kuwa ameitwa? Tena, je! mwenziwe aliye karibu naye aweza kuwa kipimo cha wito wake?

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma jinsi wanawake walivyotoka mijini wakicheza na kuimba, walipomlaki mfalme akirudi vitani. Katika wimbo wao walimhesabia Sauli maelfu, na Daudi makumi ya maelfu. Tuangalie vema neno hili: siku ile Sauli hakupungukiwa hata na mtu mmoja katika hesabu yake. Maelfu yake yalikuwa yale yale asubuhi na jioni. Asubuhi yalikuwa furaha kwake, na jioni yakawa aibu, wala hapana kilichobadilika ila hesabu ya mwingine. Tangu siku ile akamwonea Daudi kijicho, na mwisho wa jambo hilo twaujua sote.

Mtu apimaye nafaka yake kwa pishi yake ajua ana chakula cha siku ngapi kwa watoto wake. Akienda kuchungulia ghala ya jirani, nafaka yake haiongezeki wala haipungui. Ila yeye mwenyewe hurudi ama amejivuna ama amevunjika moyo, na watoto bado hawajala. Twasema ama hili ama hili, kwa maana ni ugonjwa mmoja wenye homa na baridi. Yule Farisayo hekaluni alijipima kwa mtoza ushuru akajiona mrefu. Laiti angalisimama karibu na nabii Eliya, angalijiona mfupi. Katika hali zote mbili asingalikuwa amemtazama Mungu hata kidogo.

Na mtu asidhani kwamba jaribu hili ni la watu wabaya tu. Petro, baada ya ufufuo, alikwisha kuulizwa mara tatu kama ampenda Bwana, akakabidhiwa kondoo, akaambiwa hata jinsi ya kufa kwake. Wito ulio wazi kuliko huo hatuujui. Lakini mara alipogeuka akamwona mwanafunzi mwingine akifuata nyuma, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa kuuliza habari za huyo. Bwana hakumweleza. Alimwambia tu ya kuwa mambo ya yule hayamhusu, na ya kuwa yeye kazi yake ni kumfuata. Watu wengine huliona jibu hili kuwa kali. Sisi twaliona kuwa la huruma, maana lilimtua Petro mzigo ambao hakupewa.

Sasa sisi tulio wa Kanisa la Kilutheri twaweza kulitazama jambo hili katika nyumba yetu wenyewe. Katika mji wa Wittenberg, mji mdogo wa Ujerumani, walikaa pamoja kwa miaka mingi watu watatu ambao twadhani hapana watatu wengine waliokuwa mbalimbali kama wao. Martin Luther mwamjua. Wa pili ni Philipp Melanchthon, aliyefika huko mwaka 1518 kufundisha Kiyunani, naye alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuhangaika moyoni. Hakuwekewa mikono kuwa mchungaji siku zote za maisha yake. Wa tatu ni Johannes Bugenhagen, mtu wa Pomerania, mchungaji wa kanisa la mjini tangu 1523. Huyu alikuwa stadi wa kupanga mambo ya sharika: shule, sanduku la maskini, utaratibu wa ibada. Alizitengeneza sharika za Braunschweig na Hamburg na miji mingine, na mwaka 1537 aliitwa hata Denmark, akamvika mfalme taji na kuwaweka wasimamizi wapya wa kanisa katika nchi ile. (Pia alikuwa na desturi ya kurefusha mahubiri, na Luther alimtania kwa hilo. Twawaandikia haya walimu ambao huangaliwa saa na wazee wa kanisa.)

Kama kungekuwa na nyumba ya kuzaa wivu, ingekuwa hiyo. Luther hakujua Kiyunani kama Melanchthon. Alipokwisha kulitafsiri Agano Jipya katika ngome ya Wartburg, alilipitia tena pamoja na kijana yule kabla halijapigwa chapa mwaka 1522. Melanchthon naye hakuwa na sauti ya kutikisa watu kama Luther. Na Bugenhagen hakuwa na jina kubwa kama hao wawili. Lakini mwaka 1529 kitabu cha Melanchthon juu ya Waraka kwa Wakolosai kilipotolewa kwa Kijerumani, Luther alikiandikia maneno ya mbele, akaeleza tofauti yao kwa mfano ambao mkulima ye yote wa kwetu aufahamu. Alisema kwamba yeye ni mtu wa msituni, kazi yake kukata miti, kung'oa visiki na miiba, na kufungua njia. Ila Bwana Philipp huja nyuma yake polepole, akilima na kupanda na kutia maji kwa furaha, kwa vipawa alivyopewa na Mungu. Tena alisema kwamba avipenda vitabu vya Philipp kuliko vyake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, 1530, Kaisari Karl wa Tano aliitisha baraza huko Augsburg. Luther hakuweza kwenda, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya dola. Alikaa katika ngome ya Coburg akingoja barua. Basi mtu mwoga ndiye aliyekwenda, na mtu shujaa ndiye aliyebaki nyumbani! Melanchthon aliandika Ungamo lile ambalo hata leo sharika zetu zasimama juu yake. Alipomletea Luther alisome, Luther alijibu ya kuwa lampendeza, wala haoni la kubadili, wala isingefaa abadili, maana yeye hawezi kukanyaga kwa upole na ulaini kama ule. Wengine husema maneno haya yana mzaha kidogo ndani yake. Hata ikiwa ndivyo, twamwona mtu ajuaye mguu wake ulivyo, naye hauvui ili avae wa mwenziwe.

Ujasiri huo Luther aliutoa wapi? Mtu atajibu upesi: alizaliwa jasiri. La, sivyo. Aliyasoma maisha yake ajua jinsi alivyosumbuliwa na majaribu ya moyo. Mwezi wa Julai 1527 aliugua ghafula, akadhani anakufa, na Bugenhagen ndiye aliyeitwa asubuhi ile aisikilize toba yake. Na jaribu lililomrudia mara kwa mara lilikuwa lile lile la mwalimu wetu mwenye daftari, ila kubwa zaidi. Moyo wake ulimwuliza: Je! wewe peke yako una akili? Mababa wote, mabaraza yote, miaka mia ngapi, nao wote wamekosea, ila wewe? Hapo kipimo hakikuwa jirani mmoja wa ng'ambo ya mto, bali kanisa lote la zamani.

Jibu lake latustaajabisha kwa jinsi lilivyo la kawaida. Hakusema kwamba yeye ni mtakatifu kuliko mababa, wala hakuhesabu watu waliomfuata. Alijishikiza katika jambo lililotukia mbele ya mashahidi siku fulani: ya kuwa mwezi wa Oktoba 1512 alifanywa daktari wa elimu ya Mungu, akaapa kuyafundisha Maandiko Matakatifu kwa uaminifu. Tena udaktari huo hakuutaka! Ni mkubwa wake, Johann von Staupitz, aliyemshurutisha, naye akajitetea kwa udhuru nyingi. Baadaye alipopepesuka alisema kwamba hakujiingiza mwenyewe. Aliitwa, akalazimishwa, akaapa, basi yampasa kusema.

Hapa, ndugu, ndipo twaona mzizi wa neno zima. Wito si joto la moyoni. Kama ungekuwa joto, ungepoa kila tuonapo moto mkubwa kwa mwenzetu. Wito ni neno lililosemwa na mwingine, nje yetu. Mwalimu wetu yule alikuwa na siku yake: alisimama mbele ya usharika, akaulizwa maswali, akajibu, watu wakamwombea. Siku ile hapana aliyeuliza mwalimu wa ng'ambo atabatiza wangapi. Na kabla ya siku ile alikuwa na siku nyingine, ya ubatizo wake, alipoitwa kwa jina lake. Jina la mtu mwingine halikutajwa.

Wala neno hili si la walimu tu. Luther alifundisha ya kuwa mama, mkulima, mtumishi na hakimu wana wito wao kama mchungaji alivyo na wake. Mwaka 1522 aliandika juu ya baba afuaye nguo za mtoto wake mchanga, na watu wakimcheka kuwa mtu wa kike. Akasema kwamba Mungu pamoja na malaika humtazama baba huyo kwa furaha, kwa sababu afanya kazi ile katika imani. Twajua ya kuwa hata leo wako wanaume wa sharika zetu ambao wangalifua usiku ili wasionekane.

Watu wa nchi hii nao wana ushuhuda wao. Mwaka 1920, baada ya vita vya kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa Tanganyika, na katika sharika nyingi walimu wa Kiafrika waliachwa na kazi ambayo hapana aliyewatayarisha kuichukua yote. Vitabu vilikuwa vichache, na mishahara haikuwako. Kama wangalijipima kwa hao walioondoka, kwa elimu yao na dawa zao na mashine zao za kupigia chapa, wangalifunga milango ya makanisa siku ile. Walipiga kengele, wakasoma walichokuwa nacho, wakawafundisha watoto Katekisimo. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, miaka michache baadaye, walizikuta sharika zi hai.

Lakini tusikimbie swali moja gumu, ambalo mzee mmoja wa kanisa alituuliza tulipokuwa tukizungumza mambo haya. Alisema: "Mkiwafundisha walimu hivyo, mtawapa wavivu kitanda. Kila mtu atasema, hiki ndicho kipawa changu, msinisumbue." Mzee huyo hakukosea. Tumewaona watu wa namna hiyo. Wasema hawajilinganishi na mtu, kumbe hawataki kuulizwa na mtu.

Twaona jibu lake katika mfano wa talanta. Wale watumwa wawili walioleta faida, mmoja tano na mmoja mbili, walipewa sifa ile ile, neno kwa neno. Msomaji na atazame Injili ya Mathayo, sura ya 25. Bwana wao hakumwuliza mwenye mbili kwa nini hakuleta tano. Na yule wa tatu hakuhukumiwa kwa sababu alipewa moja, wala kwa sababu alipitwa na wenziwe. Alihukumiwa kwa ile moja yenyewe, iliyokuwa ardhini. Basi aliyeacha kujipima kwa jirani hakuachiliwa na kipimo. Amepewa kipimo kilicho karibu zaidi, nacho hakimpi nafasi ya kujificha. Mwalimu yule asijiulize kama amefika 40. Na ajiulize: yule mama mgonjwa wa bondeni nilimtembelea? Watoto wangapi kijijini kwangu hawajui Sala ya Bwana, nami napita mlangoni pao kila siku? Maswali hayo yana majibu. Lakini swali la kama mimi ni mkubwa au mdogo kuliko fulani halina jibu, ndiyo sababu lasumbua usiku kucha.

Tena kujifunza kwa mwingine si kujilinganisha naye. Luther alijifunza Kiyunani kwa mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 13, asione haya. Anayejifunza hutazama kazi. Anayejilinganisha hujitazama mwenyewe katika kazi ya mwenziwe, kama mtu atazamaye uso wake kisimani, asiyachote maji. Mwalimu wetu angevuka mto akamwuliza mwenziwe jinsi awafundishavyo watu nyimbo, angefanya vema. Alivuka, lakini alihesabu mabati.

Hatupendi kuwaacheni mkidhani kwamba nyumba ile ya Wittenberg ilikaa daima katika amani. Luther alikufa Februari 1546. Bugenhagen alihubiri mazishini, Melanchthon akatoa hotuba kwa Kilatini, na tangu siku ile mtu huyu mpole hakupata raha. Vita vilikuja, wakuu Waprotestanti wakashindwa mwaka 1547, na mwaka uliofuata Melanchthon alikubali mambo mengine ya ibada ya zamani ili kuziokoa sharika. Watu wakasema: Luther asingalifanya hivi. Walimpima kwa marehemu kila siku. Naye mwenyewe, mwaka 1548, aliandika barua kwa mshauri wa mkuu mmoja akalalamika ya kuwa zamani, chini ya Luther, aliuchukua utumwa uliokaribia kuwa wa aibu. Barua hiyo ilijulikana, nayo ilimletea lawama nyingi.

Twaisoma kwa huzuni. Basi yule aliyesifiwa kwa mfano wa jembe na maji alikuwa amebeba kitu moyoni miaka yote. Hatumhukumu. Labda Luther, pamoja na sifa zake zote, hakujua jinsi kivuli cha mti mkubwa kilivyo kizito kwa mche ulio chini yake. Ninyi mliopewa vipawa vikubwa, litafakarini jambo hilo. Maana tumesema sana juu ya mtu mdogo amtazamaye mkubwa, wala hatukusema juu ya mkubwa asiyemwona mdogo.

Lakini Melanchthon hakuacha kufundisha. Alifundisha Wittenberg miaka 42, hata alipokufa, Aprili 1560. Siku chache kabla ya kufa aliandika katika karatasi sababu za kutoogopa mauti. Upande mmoja aliandika mambo atakayookoka nayo: dhambi, na taabu, na ghadhabu ya wanatheolojia. Upande wa pili aliandika atakayoyapata: ataingia nuruni, atamwona Mungu na Mwana wake, tena atajifunza siri ambazo katika maisha haya hakuweza kuzifahamu. Mojawapo aliyoitaja ni hii: kwa nini tumeumbwa jinsi tulivyo.

Mwalimu yule alipopita kwetu tena, baada ya mavuno, tulimsimulia habari ya karatasi hiyo. Safari hii aliketi. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akatuuliza kama mtu huyo alikuwa mwalimu au mchungaji. Tukamwambia, mwalimu. Akaitoa daftari yake mfukoni, akaomba tumwazime wino, maana wake ulikwisha, naye alikuwa na jina la mtu mmoja la kuandika.